Baada ya ugonjwa wa tumbo kuisha, ni sumu gani hasa inayobaki ya kusafishwa?

#1 Kalamu Tulivu (mleta mada)

Salamu kwenu wanajukwaa.

Wiki tano zilizopita niliugua tumbo. Kwa siku nne mfululizo nilihara na kutapika, na siku ya pili sikuweza kufika chooni bila kushika ukuta. Kipimo cha choo kilionyesha bakteria, nikaandikiwa dawa, nikamaliza dozi yote, homa ikaondoka na kutapika kukakoma. Hata hivyo, hadi leo tumbo linajaa gesi baada ya kila mlo, linanguruma usiku kiasi cha kuniamsha, na choo hakijatulia: siku mbili kigumu, siku ya tatu majimaji.

Kila ninayemweleza ananijibu kwamba mwili wangu bado una sumu na kwamba nisipojisafisha sitapona. Mmoja ameniletea mfuko wa majani ya sanamaki yaliyochanganywa na unga wa udongo, mwingine ananishauri nikae siku saba kwa juisi tupu, na wa tatu anasema dawa ni chumvi ya haluli alfajiri kabla ya kula chochote. Nimewauliza wote watatu swali moja, kwamba sumu hiyo inaitwaje, na hakuna aliyenipa jina.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, ni sumu gani inayobaki baada ya ugonjwa kuisha? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: mwenzangu wa kazini aliugua wiki ileile, akafanya ile juisi, na sasa ni mzima kabisa ilhali mimi bado. Sitaki kumwita mwongo, kwa sababu namwona kila siku. Ni nini kilichomponya?

#2 Nesi wa Zamu

Pole sana. Kabla ya yote, tujibu haya: je, kuna damu kwenye choo? Homa imerudi? Uzito unaendelea kushuka? Unaamshwa usiku na haja kubwa, au ni mngurumo tu? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linakurudisha hospitali leo, si hapa.

Kuhusu sumu, zipo kweli, na zina majina. Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayoilazimisha seli ya utumbo kumwaga maji na chumvi bila kusita. Bakteria wa kuhara damu wa aina fulani, na baadhi ya E. koli, hutoa sumu iitwayo Shiga. Wale wanaoota kwenye chakula kilicholala, aina ya stafilokoka, huacha sumu ndani ya chakula chenyewe, na ndiyo maana mtu hutapika saa chache tu baada ya kula. Tofauti na watu wanavyodhani, sumu hizi haziketi kwenye kona ya tumbo zikisubiri kuoshwa. Ile ya kipindupindu, kwa mfano, huingia ndani ya seli ya ukuta wa utumbo, na inayoiondoa ni seli hiyo kung'oka, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yote ndani ya siku chache. Wewe uko wiki ya tano. Seli zilizoumwa siku ile zilikwisha kutoka zamani, bila sanamaki.

#3 Jasiri

Ninaheshimu kazi ya Nesi, lakini kuna mambo ambayo mtu akiyaona kwa macho yake hawezi kuyakana. Mwaka juzi, baada ya kuugua kama mleta mada, nilitumia kwa siku kumi dawa ya kusafisha utumbo iliyokuwa na udongo na maganda ya mbegu. Siku ya sita ulitoka utepe mrefu, mweusi, unaovutika kama mpira, wenye mikunjo inayofanana kabisa na umbo la utumbo. Kama huo haukuwa uchafu ulioganda kwa miaka, basi ulikuwa nini?

#4 Fundi wa Maabara

Ndugu Jasiri, sina shaka kwamba uliuona. Chukua kijiko kimoja cha maganda yale ya mbegu, yaani ispaghula, weka kwenye glasi ya maji, koroga, kisha iache. Baada ya dakika kumi hutakuta maji tena, utakuta ute mzito unaoshikamana na kijiko. Ongeza udongo wa bentonaiti, ambao nao hufyonza maji na kuvimba, nawe utakuwa umetengeneza mezani kitu kilekile kilichokutisha. Kina mikunjo ya utumbo kwa sababu kiliumbika ndani ya utumbo, kama uji ulioganda unavyochukua umbo la bakuli. Wanaofungua miili ya marehemu na wanaoingiza kamera matumboni mwa walio hai hawaukuti utepe huo kwa watu ambao hawakumeza mchanganyiko huo.

Habari kama hiyo ipo pia upande wa ini. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha barua ya madaktari waliopelekewa vijiwe vya kijani na mgonjwa aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau ili kuondoa mawe ya nyongo. Vijiwe vilipopimwa havikuwa na kolesteroli wala kalisi, bali sehemu kubwa ilikuwa asidi za mafuta, na vilipopashwa joto viliyeyuka. Vilikuwa sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na dawa yenyewe, na mawe halisi ya nyongo yalikuwa bado mahali pake.

#5 Jasiri

Maelezo ya ispaghula nimeyaelewa, na nakiri sikuwahi kuyasikia. Lakini hayaelezi kwa nini nilijisikia mwepesi, kichwa kikaacha kuuma, na nikalala vizuri. Hisia hiyo nayo ni ute wa mbegu?

#6 Mkufunzi Mstaafu

Swali la Jasiri ni la zamani kuliko anavyofikiri. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mfaransa Charles Bouchard alifundisha kwamba utumbo ni kiwanda cha sumu zinazoingia kwenye damu na kuudhoofisha mwili mzima. Élie Metchnikoff, mshindi wa Nobel ya mwaka 1908, aliamini kwamba utumbo mpana ndio chanzo kikuu cha uzee. Huko London daktari wa upasuaji William Arbuthnot Lane alifika hatua ya kuwakata wagonjwa utumbo mpana wote kwa sababu ya kukosa choo. Hao walikuwa wasomi wa daraja la juu kabisa katika zama zao, na watu walipoteza viungo kwa ajili ya wazo ambalo halikuwa limepimwa.

Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez wa Marekani aliuliza swali rahisi. Mtu asiyepata choo huumwa kichwa na kujisikia mzito, kisha akipata choo nafuu huja papo hapo. Kama tatizo lingekuwa sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu, nafuu ingechukua saa nyingi, kwa kuwa damu haisafishiki kwa dakika tano. Yeye alihitimisha kwamba kinachomsumbua mtu ni utumbo kutanuka na kubonyeza mishipa ya fahamu. Nadhani hapo ndipo uliko wepesi wa Jasiri.

#7 Msomaji Makini

Asante mwalimu. Nyongeza ndogo ili wasomaji wasichanganye: Nobel ile Metchnikoff aliipata pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili, wala si kwa mawazo yake juu ya utumbo. Nimeona wauzaji wa dawa za kusafisha wakilitaja jina lake kana kwamba tuzo ilithibitisha nadharia yao.

#8 Mkufunzi Mstaafu

Umesahihisha vyema, na nilipaswa kuliandika hilo mwenyewe.

#9 Mama wa Mapacha

Ninaandika hili nikiwa na uchungu, kwa hiyo mnivumilie. Watoto wangu walipokuwa na miaka miwili waliharisha wote kwa pamoja. Muuzaji mmoja wa dawa za lishe alinishawishi kwamba kuhara ni mwili unajisafisha, kwamba nisiuzuie, niusaidie kwa juisi ya matunda isiyochanganywa na maji na nisiwape chakula. Nilimwamini kwa sababu alizungumza kwa upole na kwa uhakika, na mimi sikuwa nimelala. Kufikia usiku wa pili mmoja alikuwa analia bila machozi, na nilipombana ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

Hospitali walinipa kijiko na kikombe cha ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, wakaniambia kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili, akitapika nisubiri dakika kumi nianze tena. Nilikaa hivyo tangu saa nne usiku hadi alfajiri. Alipokojoa kwenye mapaja yangu nililia. Tangu siku hiyo neno kusafisha likitajwa mbele ya mtu aliyetoka kuhara, siwezi kunyamaza.

#10 Msomaji Makini

Pole sana dada, na ahsante kwa kutusimulia. Naomba tu tusiihukumu juisi kupita kiasi. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Canada uliohusisha watoto 647 waliokuwa na upungufu mdogo mno wa maji mwilini. Waliopewa juisi ya tufaha iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kisha vinywaji walivyovipenda, walihitaji matibabu zaidi mara chache kuliko waliopewa maji ya chumvi na sukari, kwa sababu waliikubali na kuinywa. Hatari iko kwenye juisi nzito, na kwenye kumnyima mtoto chakula.

#11 Nesi wa Zamu

Msomaji yuko sahihi, mradi isemwe wazi kwamba hao walikuwa watoto ambao hawakukauka. Mtoto wa mama huyu alikuwa amekauka, na kwake ORS haina mbadala nyumbani.

Niruhusuni nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo usafishaji unapokwenda kinyume na uponaji. Kwa siku moja utumbo wa mtu mzima hupokea takriban lita 9 za majimaji: kama 2 tulizokunywa, na 7 zinazotoka mwilini kama mate, nyongo na maji ya tumbo na kongosho. Karibu zote hurudishwa kwenye damu, na choo hutoka na chini ya glasi moja. Kuhara ni kazi hiyo ya kurudisha kuharibika. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo una mlango ambao sukari na chumvi huingia pamoja, na maji hufuata. Katika magonjwa mengi ya kuhara mlango huo hubaki ukifanya kazi. Mwaka 1968, huko Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis alipoishiwa na dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, aligawa mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi kwa vikombe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Lakini kipimo ndicho kila kitu. Sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji salama: hapo maji yanaingia mwilini. Zidisha sukari, au mpe mtu chumvi ya haluli, ambayo ni magnesiamu salfeti isiyofyonzwa kwa urahisi, na maji yanavutwa kutoka mwilini kurudi utumboni. Kinachoitwa kusafisha ni kuhara kwa kununua.

#12 Kalamu Tulivu (mleta mada)

Nimewasoma nyote kwa makini. Nesi, majibu yangu ni haya: damu hakuna, homa hakuna, uzito ulishuka kilo tatu wakati wa ugonjwa na haujaendelea kushuka. Usiku ninaamshwa na mngurumo, si na haja.

Kuna jambo moja sikulitaja kwa kuwa sikuliona kuwa na maana. Tangu nilipopata nafuu nimekuwa nikinywa maziwa glasi tatu kwa siku ili kurudisha nguvu.

#13 Dada wa Lishe

Hapo hapo! Ndugu mleta mada, soma hili taratibu. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, laktesi, hukaa kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo mwembamba, na ncha hizo ndizo za kwanza kuharibiwa na ugonjwa na mara nyingi za mwisho kukomaa tena. Sukari isipovunjwa hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na matokeo yake ni gesi, mngurumo na choo cha majimaji. Hali hii kwa kawaida ni ya muda, wiki kadhaa hadi miezi, kisha huisha.

Na hapa naona jibu la swali lako la pili. Mwenzako alipokaa na juisi, hakuondoa sumu yoyote, aliondoa maziwa. Pengine na vyakula vya mafuta mengi pia. Alijipumzisha bila kujua na shukrani zikaenda kwa juisi. Acha maziwa kwa wiki mbili, usibadilishe kitu kingine chochote, na uandike kila siku.

#14 Fundi wa Maabara

Ningependa Dada wa Lishe asifunge faili mapema. Gesi nyingi, choo kinachobadilika, wiki ya tano: picha hii pia ni ya giardia. Ni kimelea kinachopatikana kwenye maji yasiyo salama, kinaweza kumwingia mtu pamoja na bakteria, na dawa nyingi za bakteria hazikigusi. Tena hakitoki kwenye choo kila siku, hivyo sampuli moja ikisomwa kwa hadubini inaweza kuonekana safi ilhali kipo. Ndiyo maana tunaomba sampuli tatu za siku tofauti, au kipimo kinachotafuta protini ya kimelea chenyewe. Isitoshe, giardia nayo huharibu laktesi, kwa hiyo nafuu ya kuacha maziwa haitathibitisha kwamba hakuna kimelea.

Mkaa, udongo, sanamaki na limau haviiondoi. Dawa yake ipo, na huandikwa baada ya kipimo.

#15 Njia Panda

Mimi nina maelezo ya tatu, kwa kuwa nimeishi nayo miaka miwili. Vipimo vyangu vyote vilikuwa safi, sampuli tatu, damu, mpaka kamera. Mwishowe daktari alinieleza kwamba ugonjwa unaweza kuondoka na kuacha mishipa ya fahamu ya utumbo ikiwa nyepesi kushtuka, kwamba gesi ileile ambayo mwingine haisikii mimi naisikia kama kisu. Inakadiriwa kwamba humpata takriban mtu mmoja kati ya kumi baada ya maambukizi ya tumbo.

Mfano uliofuatiliwa kwa muda mrefu ni wa mji wa Walkerton, Canada. Mwezi Mei mwaka 2000 mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe kwenye kisima cha mji, watu zaidi ya 2,000 wakaugua na saba wakafa. Watafiti waliwafuata wakazi kwa miaka minane. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, zaidi ya robo ya waliougua walikuwa na matumbo yasiyotulia, na baada ya miaka minane walibaki takriban 15 katika 100. Namba hizo zilinipa faraja kubwa kuliko dawa yoyote, kwa sababu zilinionyesha kwamba sikuwa naota na kwamba wengi hupona taratibu.

Nilijaribu kusafisha mara mbili. Mara zote mbili nilirudi nyuma miezi kadhaa, maana utumbo unaoshtuka ndio ule ule uliokuwa unatikiswa.

#16 Jasiri

Naona nimebaki peke yangu upande huu, lakini sijaondoka. Basi tuseme kusafisha hakufai. Je, kupanda upya? Baada ya dawa za bakteria, wale wazuri nao wamekufa. Vidonge vya bakteria wazuri navyo mtavikataa?

#17 Msomaji Makini

Hujabaki peke yako, ndugu yangu. Bila wewe uzi huu ungekuwa na kurasa mbili tu.

Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kubwa kwa pamoja, moja ya Marekani yenye watoto 971 na nyingine ya Canada yenye watoto 886, wote wakiwa na ugonjwa wa tumbo wa ghafla. Nusu walipewa bakteria hao na nusu walipewa dawa bandia isiyo na bakteria hao, na hakukuwa na tofauti ya maana katika kupona. Mwaka huohuo watafiti wa Israel, kwa watu wachache, waliona kwamba vidonge hivyo vikitumiwa baada ya antibiotiki viliwachelewesha bakteria asilia kurudi. Hiyo haina maana kwamba kila aina haifai kwa kila tatizo, ila jina la jumla la bakteria wazuri halitoshi. Lazima useme ni wa aina gani, na kwa ugonjwa upi.

#18 Mwanahisabati

Naomba nirudi kwa mwenzake mleta mada, kwa kuwa mchango #13 umemweleza kwa uhakika ambao ushahidi haubebi. Watu wawili waliugua, mmoja alipona mapema. Wengi wa wanaougua tumbo hupona ndani ya wiki moja au mbili hata wakikaa wakitazama dari. Mtu huanza kujisafisha lini? Anapokuwa amechoka kabisa, yaani pale hali ilipofika chini na inakaribia kupanda yenyewe. Kile alichokishika mkononi wakati huo ndicho kitakachopewa sifa. Na wale waliojisafisha wakazidiwa hawafungui mada, kama Njia Panda ambaye tumemsikia leo tu.

Kuhusu wepesi wa Jasiri, nakubaliana na mwalimu kwa sehemu, lakini kuna hesabu nyingine. Mwili wa mtu mzima huhifadhi takriban nusu kilo ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu hukaa na kama gramu tatu za maji. Ukifunga siku chache akiba hiyo hutumika na maji yake hukojolewa, na mizani inashuka karibu kilo mbili. Ni wepesi wa kweli, na unarudi wote ukila siku mbili.

#19 Dada wa Lishe

Nakubali kwamba sikuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu mwenzake, na neno pengine nililiweka mahali pasipofaa. Kuhusu maziwa, msimamo wangu ni uleule: ni jaribio lisilo na gharama wala hatari, na linajibu ndani ya siku chache.

#20 Shahidi wa Ndani

Nilikuwa msomaji tu, lakini mchango #9 umenikosesha raha. Kwa miaka miwili niliuza dawa za kusafisha mwili kwa kampuni ambayo sitaitaja. Katika mafunzo tulifundishwa sentensi moja ya kumjibu mteja atakayelalamika kwamba anaumwa kichwa, anahara au anaishiwa nguvu: kwamba hizo ni sumu zinatoka, aendelee. Tulirudia sentensi hiyo hadi ikawa ya ulimi wenyewe. Hatukuwahi kufundishwa ni wakati gani tumwambie mteja aache. Akipata nafuu, dawa imefanya kazi. Akizidiwa, dawa inafanya kazi.

Niliacha nilipouliza sumu inaitwaje, swali lilelile la mleta mada, nikaambiwa nisiwachanganye wenzangu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2009 vijana wanasayansi wa Uingereza, chini ya shirika la Sense about Science, walizifuatilia bidhaa 15 zilizodai kuondoa sumu, na hawakupata kampuni mbili zilizotoa maana moja ya neno hilo. Nilijua kabla ya kusoma. Mama wa Mapacha, sikuwa mimi niliyekushauri, lakini ningeweza kuwa mimi, na ninakuomba radhi.

#21 Mama wa Mapacha

Nimeipokea, na nakushukuru kwa kusema.

#22 Nesi wa Zamu

Kabla uzi haujasonga, kuna watu wanaosoma ambao wanatumia dawa za kila siku. Sanamaki ikitumiwa kwa muda huondoa potasiamu, na kwa anayetumia dawa za kukojoza au digoksini ya moyo, potasiamu ikishuka mapigo yanaweza kuvurugika. Mkaa wa dawa hunasa vidonge tumboni kabla havijafyonzwa, vikiwemo vya uzazi wa mpango. Mwenye figo dhaifu asiguse chumvi ya haluli, kwani magnesiamu itajikusanya kwenye damu. Na aliyehara damu hivi karibuni, akiona mkojo umepungua na uso kupauka wiki moja baadaye, asidhani ni uchovu: figo zinaweza kuwa zinashambuliwa, na hapo kila saa ina thamani.

#23 Kalamu Tulivu (mleta mada)

Narudi baada ya siku tisa. Mfuko wa sanamaki nimeurudisha kwa aliyenipa, bila ugomvi. Maziwa nimeacha na daftari nimeandika: mngurumo wa usiku ulipungua kuanzia siku ya tatu, lakini siku ya sita na ya saba choo kilikuwa majimaji tena bila tone la maziwa. Kwa hiyo Dada wa Lishe na Fundi wote mna haki ya kutabasamu kidogo.

Nimezungumza pia na mwenzangu wa kazini. Kumbe juisi hakumaliza siku saba. Siku ya tatu alipata kizunguzungu akiwa kwenye ngazi, akarudi nyumbani akala wali na mayai mawili, na akaendelea kula tangu hapo. Alipona wiki hiyohiyo. Yeye mwenyewe bado anasema ni juisi.

#24 Jasiri

Siku tatu huenda zilitosha.

#25 Mwanahisabati

Au wali na mayai. Au siku zenyewe zilikuwa zimefika. Kwa mtu mmoja hatuwezi kuyatenganisha, na ningesema hivyohivyo hata kama angekuwa amemeza ORS.

#26 Fundi wa Maabara

Mleta mada, umepeleka sampuli ngapi?

#27 Kalamu Tulivu (mleta mada)

Moja jana, ya pili kesho kutwa, ya tatu wiki ijayo. Ya jana imesomeka safi.